Mukanda Yenye Ilikataa Kifua ya Komanda Bulenda

"Vua hiyo radio," komanda aliniambia, bunduki yake imegusa kifua yangu. Mudogo wangu Furaha alikuwa amelala mu majani, kando ya njia ya Mumosho. Alikuwa ametua muzigo bila kuomba ruhusa. Risasi moja tu. Sasa ilikuwa zamu yangu.

Usiseme nadanganya. Haikuwa ndoto na haikuwa usiku. Jua ilikuwa kali. Bamaman wote wa Bagira wenye tulikuwa pamoja baliona.

Ile haikuwa radio. Mbele vita itufikie, dokta mumoja alikuja kupima siye bamaman wenye kubeba unga ku mugongo. Alinifunga mukanda chini ya maziwa, na saa ku mukono. Mukanda inasikiliza moyo, saa inaonyesha namba. Alitufundisha: muilowanishe kwanza, ikikauka haisikie kitu. Vita ikafika, dokta akakimbia, mie nikabaki nayo nimevaa. Furaha alikuwa ananicheka, mie dada yake mukubwa: "Yaya, hiyo saa yako haione na njaa?"

Kisha Komanda Bulenda akatukamata, tubebe vitu vyenye basoda wake baliiba mu mangazini, mu maduka ya batu.

Basi nikamueleza mukanda ni ya nini. Akacheka.

"Kumbe maman iko na mashini! Lete. Basoda baone moyo ya mwanaume!"

Kila saa alikuwa anajivuna ameoga dawa, eti kifo inamuogopa. Akajifunga. Najua utasema mukanda ilikuwa kavu. Wapi! Ilikuwa inachuruzika jasho yangu. Saa ikaonyesha sufuri. Akaigonga. Sufuri.

"Imekufa," akasema.

"Haiyakufa, komanda. Ipe musoda wako."

Musoda akajifunga, namba zikapanda mbio. Komanda akarudilia kujifunga: sufuri. Nilitoa wapi nguvu? Sijue. Nikaweka mukono wangu ku kifua yake, mie mwenyewe. Kimya. Baridi kama jiwe ya mu Ruzizi, na macho yake yananiangalia.

Unafikiri nilikimbia? Nilipiga kelele: "Basoda! Munafuata maiti!"

Ungebaona! Wale mashujaa balitupa bunduki, bakaingia mu migomba, mumoja ameacha kiatu. Bulenda akabaki anajipiga kifua, anabaita kwa majina. Hakuna mwenye alirudi. Siye tulimwanga mizigo chini palepale mbele yake, tukamubeba Furaha, tukapanda naye hadi kwetu tunaimba, tena kwa sauti. Hakutugusa. Tulimushinda, uniamini, bila panga.

Lakini tangu siku ile mukono wangu iko baridi, hata niuweke ku makala. Na Bulenda? Leo ni kolonele, anapita mu muji na jeep. Akikunyooshea mukono, usiupokee.

Na nyie wenye mulimupa grade ya kolonele, mumulete mbele ya juge amuhukumu, mbele ya siye bamaman. Nitasimama na nitamuuliza: Bulenda, mutoto wa mama yangu alichoka tu. Ulimuulia nini? Jibu.