Lango la Baba

Genoveva Archuleta alikuwa na funguo kumi na tisa za malango ya maji kiunoni, na asubuhi hiyo ya Juni kila mmoja ulimwelemea. Ndiye aliyekuwa msimamizi wa mfereji wa kumwagilia mashamba, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa tangu mababu wauchimbe. Hispania ilikuja ikaondoka, Mexico ikapita, Marekani nayo ikaifanya New Mexico jimbo lake. Mfereji ulibaki palepale na zamu zake zilezile za maji. Ila mwaka huo theluji haikuanguka milimani, na maji yalikuwa ya kulowesha vifundo tu.

Na kulikuwa na mtu anayeyaiba.

"Zamu yangu imeanza alfajiri," alisema Delfino Maés, mwenye shamba la mwisho huko chini. "Mpaka sasa sijapata hata ya kunywesha kuku. Huko juu kuna mtu, binti."

"Twende tukaone, Mzee Delfino."

Wakaufuata mfereji kwenda juu, lango baada ya lango. La kina Vigil, limefungwa. La kanisa, limefungwa. Yakabaki mawili, kisha moja, na Genoveva akapunguza mwendo, maana hilo moja lilikuwa la baba yake.

Kufuli lilikuwepo. Lakini chini ya ubao palikuwa pamechimbwa, maji yanapenya kimyakimya kuingia kwenye pilipili. Mzee Eliseo, miaka themanini, alisimama katikati ya mistari na koleo lake, viatu vimelowa. Hata hakujificha.

Huyu ndiye aliyesimamia mfereji miaka thelathini. Ndiye aliyeipitisha sheria kwamba mwizi wa maji hafunguliwi lango mpaka mwezi uishe. Katika ukame wa miaka ya hamsini alilifunga lango la baba yake Delfino, na familia ile ikauza kondoo wote.

"Mkuki kwa nguruwe," Delfino alisema polepole. Hakumalizia.

"Baba, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungekubali?" Mzee aliegemea koleo. "Ni za mama yako, Veva. Mbegu zake. Mwaka juzi hazikuzaa, mwaka jana hazikuzaa. Nimepanda zote. Nyumbani haijabaki hata moja."

Maua meupe yalikuwa ndiyo kwanza yanafunguka. Bila maji, wiki moja tu yangepukutika, na pilipili ya marehemu mama ingekwisha duniani. Genoveva alimkasirikia baba yake, akamkasirikia Delfino kwa kusimama pale, akajikasirikia mwenyewe kwa kuzikubali funguo zile. Kisha akapiga magoti, akaliziba shimo kwa mawe na udongo.

"Mpaka mwezi uishe, Baba."

"Mimi ni baba yako!"

"Najua. Na sheria ni yako."

Alhamisi ikafika zamu ya Genoveva mwenyewe, saa tatu za maji. Majani ya ng'ombe wake yalikuwa yameshageuka manjano. Akafungua lango lake, akachota ndoo mbili, akavuka barabara kwenda kwenye pilipili za baba yake. Akarudi, akachota tena. Safari ya kumi alimkuta Delfino amesimama kwenye uzio, anamtazama. Akaweka ndoo chini. Neno moja tu la mzee huyu kwa wenzao, funguo zingekwenda, na pilipili pia.

"Sheria inasemaje, binti?"

"Asifunguliwe lango."

"Lango naliona limefungwa." Delfino akageukia baraza la nyumba, alikokaa Eliseo tangu asubuhi, kanuna. "Wewe Eliseo! Mtoto anavunjika mgongo, umekaa kama bibi harusi! Baba yangu hakuletewa hata kikombe, unasikia? Hata kikombe! Inuka ushike ndoo!"

Mzee aliinuka. Alipita mbele ya Delfino bila kumtazama usoni, akashika ndoo.

Majani ya ng'ombe yalikauka yote, na Genoveva akauza ndama wawili. Kati ya mistari kumi na minne ya pilipili waliokoa mmoja. Zilipoiva, Eliseo alizipasua, akaanika mbegu, akazigawa mafungu mawili. Fungu moja alilipeleka mwenyewe kwa Delfino, kwa miguu, akasimama mlangoni na kofia mkononi mpaka akaambiwa aingie.