Pua ya Bibi na Shimo la Ndizi

Siku tatu njiani, rafiki yangu: meli kutoka Kalemie hadi Uvira, lori lililolala Kamanyola kwa sababu ya gurudumu, kisha Bukavu, na mwisho pikipiki mpaka Mudaka. Lori lilipoanza kupanda milima, abiria wenzangu walivuta pumzi. "Mukaratusi huo," mmoja akasema, "tumefika kwetu." Nikaitikia kwa kichwa kama wao. Sikusikia harufu yoyote. Tangu homa iliyonilaza miaka michache iliyopita, pua yangu ni pambo la uso tu, na sijamwambia mtu.

Ndiyo maana nilimkumbuka bibi, mama yake baba, aliyenilea hapa Mudaka mpaka nilipofika miaka kumi.

Wewe uliyewahi kunywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, unajua kwamba kazi yote iko kwenye shimo. Ndizi mbichi hupangwa humo, zikafunikwa majani ya mgomba na udongo, zikangoja kuiva. Ukifukua mapema, hazitoi maji. Ukichelewa, umezika uozo. Kwa hiyo akina mama walimwita bibi. Alipiga magoti, akapenyeza mkono chini ya majani, akainamisha uso, akanusa kwa kishindo, kisha akatoa hukumu: "Bado," au "Mufukule." Hakukosea. Na kila shimo lilimpa kibuyu cha kwanza, nacho ndicho kilichotupatia chumvi na sabuni.

Kisha akaja mtafiti, binti wa mjini mwenye kisanduku cha chupa. Alisema wanachunguza jinsi pua za wazee zinavyopeleka habari kwenye ubongo. Hakuna aliyemwamini. Mimi nilidhani angefungia harufu zetu ndani ya chupa zile aondoke nazo. Jirani yetu alisimama uani na jembe begani, shamba amelisahau.

"Zamani balichukua damu, sasa banataka pua," alisema, akimgeukia bibi, ambaye wote walimwita Koko. "Koko, bakikuomba, usibape! Utabakia na tundu mbili tu, mvua itaingia."

"Na wewe bakuombe mudomo," bibi akamjibu, "tulale vizuri."

Akafungwa kitambaa machoni. Chupa ya kwanza: "Kahawa." Ya pili: "Sabuni." Ya tatu: "Samaki sambaza, tena ya leo." Watu wakapiga makofi. Lakini mimi nilikuwa nyuma ya mtafiti. Chupa ya tatu nilimwona mwenyewe akiijaza maji kutoka kwenye bidoni letu. Na kwenye karatasi yake aliandika zero, zero, zero. Zero nilizijua vizuri, nilikuwa mwanafunzi.

Mtafiti alikifungua kile kitambaa. Alimwomba bibi amwonyeshe shimo letu nyuma ya nyumba. Nikawafuata.

"Koko, tangu lini hausikie harufu?"

Bibi akaushika mkono wa yule binti, akauingiza chini ya majani. "Unasikia moto? Ikikuwa na moto kama kwapa ya mutoto, ndizi iko tayari. Pua ni ya kuonyesha batu. Mukono ndiyo inajua." Halafu, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Utabaambia?"

Jirani alikuwa akingoja. "Madame, pua ya Koko iko namna gani?"

Binti alifunga kisanduku. "Kwa shimo, munamuamini?"

"Sana!"

"Basi mubakie vile."

Waliendelea kumwita. Mimi ndiye niliyeacha kumwamini. Kila aliponusa kwa kishindo niliangalia pembeni, na hata uji ulipoungua nilingoja kuona kama angejua.

Leo pale pa shimo pana nyumba ya matofali, na pombe inafika kwa makreti. Niliinama nikagusa udongo kando ya ukuta. Baridi.

Siku niliyoondoka, baba alikuja na gari kunipeleka shule ya mjini. Bibi alinivuta, akazamisha pua kwenye nywele zangu, akanusa mpaka majirani wakasikia. "Iko na harufu ya moshi ya kwetu," alisema. Nilijua ni uongo, nikageuza uso. Ndipo mkono wake ukateremka ndani ya kola ya shati langu, ukatulia nyuma ya shingo, naye akafumba macho.

Baba akapiga honi.

"Bado," bibi akamwambia. "Huyu bado."

Lakini mlango wa gari ulikuwa umeshafunguliwa.