Nailoni Chini ya Kifuniko cha Tangi

Nakumbuka asubuhi moja ya msimu wa mvua, mwanangu, nikiwa na miaka ishirini na miwili na kichwa kimenivimba kwa sifa. Nilikuwa nimemaliza mwaka wa tatu katika gereji ya Fundi Onditi pale Migori, msichana peke yangu kati ya wanaume, na wateja walikuwa wameanza kuniita fundi bila kucheka. Leo unaniona nimeketi na miwani puani nikikukagulia kazi, lakini siku hizo niliamini hakuna injini ambayo ingenishinda. Ujinga wa namna hiyo una raha yake, sikatai.

Asubuhi hiyo Daktari Chacha alileta pikipiki yake ya magurudumu manne. Alikuwa daktari wa mifugo katika mradi mmoja uliokuwa ukichanja ng'ombe sehemu za Ogwedhi na vilima vinavyoelekea Narok, ambako mvua ikinyesha ule udongo mweusi hunasa gari kuanzia asubuhi mpaka wiki ijayo. Magurudumu yale manne manene ndiyo yaliyopita. Alitaka abadilishiwe oili tu, kisha mmoja wetu aandamane naye asije akakwama njiani. Fundi Onditi akanitaja mimi, halafu akaingia dukani kununua oili.

"Alafu uangalie hii kifuniko ya tangi," Daktari aliniambia tulipobaki wawili. "Nikipanda mlima petroli inaniruka kwa mapaja. Siku moja hii suruali itashika moto na mimi niko ndani."

Akaondoka kwenda kuchukua dawa ya chanjo kwenye friji upande wa pili wa mji.

Mpira wa kifuniko ulikuwa umechakaa, na mpira mpya wa aina ile haukupatikana Migori. Lakini wewe unajua tunavyofanya huku. Tangi la mtu wa boda likivuja, awe wa Oyugis au wa Karungu, anakata kipande cha nailoni, anakitandika kwenye mdomo wa tangi, anafunga kifuniko juu yake na safari inaendelea. Nami nikachukua karatasi ya nailoni ya mkate tulionywea chai, nikaikunja mara mbili, nikafunga kifuniko kwa nguvu zangu zote. Halikuvuja tena hata tone. Fundi Onditi hakupenda kazi za kuzibaziba, kwa hiyo sikumwambia kitu.

Tukatoka Migori, Daktari akiendesha, mimi nyuma yake, sanduku la barafu lenye dawa limefungwa mbele. Tulipita Ogwedhi salama. Kama nusu saa baadaye, katikati ya matope, injini ilikohoa mara mbili ikazima.

Hapo nilifurahi, nakuambia ukweli. Niliona sasa ndiyo saa yangu ya kuonekana.

Nilianza vizuri. Niliangalia swichi ya kuzimia injini, ile nyekundu kwenye usukani, maana ukiigusa na kiwiko bila kujua unaweza kusukuma pikipiki siku nzima. Ilikuwa sawa. Gia ilikuwa nyutro. Taa ziliwaka vizuri na honi ililia kwa sauti yake yote, kwa hiyo betri ilikuwa na nguvu. Wakati nikikagua hayo, dakika kama kumi zilipita, nikajaribu kuwasha na ikawaka. Daktari akanipigia makofi. Tukaenda mwendo mfupi, ikazima tena. Tukangoja, ikawaka, ikazima mara ya tatu.

Mwanangu, tatizo linalorudi kwa mwendo ule ule linakuambia jina lake. Injini inazima ikienda na inawaka ikipumzika. Mimi sikusikiliza. Nililegeza skrubu ya chini ya kabureta, pakatoka matone machache tu, ilhali tangi lilikuwa limejaa. Nikajiambia kabureta imeziba uchafu. Nikaifungua pale pale barabarani, juu ya koti langu, na upepo unavuma.

Ndani ya kabureta kuna kipande kidogo cha shaba chenye tundu jembamba la kupitishia petroli, ndicho tunachokiita jeti. Kilikuwa kisafi kabisa. Nilikiinua juu nikipulize, kikaniponyoka vidoleni, kikaingia kwenye matope yaliyokanyagwa na ng'ombe. Nilipekua kwa mikono hadi viwikoni. Sijakiona mpaka leo.

Daktari hakunigombeza. Alipanda kilimani kutafuta mtandao, akampigia Fundi Onditi aje na jeti nyingine, kisha akarudi akaliweka sanduku la dawa chini ya kivuli cha kichaka.

"Watu wameshafika na ng'ombe tangu alfajiri," alisema. "Mimi natangulia kwa miguu niwaombe wasiondoke. Barafu itakaa mpaka saa tisa hivi, si zaidi. Nikiona itachukua muda nitatuma vijana wawili waje wabebe hii sanduku. Niwatume?"

"Usitume, Daktari," nilimjibu. "Fundi akifika ni dakika kumi tu."

Fundi Onditi alifika saa sita. Boda ilimwacha Ogwedhi kwa sababu ya matope, akatembea kilichobaki, suruali ameikunja hadi magotini na mfuko wa vifaa begani. Alikuwa mtu mfupi, mpole, na hakuwahi kushika spana kabla ya kuuliza maswali. Alitia jeti nyingine, akafunga kabureta, injini ikawaka. Akaizungusha kwenye njia ile kwa muda, nami nikaanza kuomba kimoyomoyo. Ikazima.

Alishuka, akafuta mikono, akaniangalia.

"Nyara," aliniita. Hivyo ndivyo alivyoniita siku zote, binti yangu kwa Kijaluo. "Leo asubuhi, mbali na oili, uligusa nini kwa hii mashine?"

Nilijua jibu. Sikujua bado kwamba nailoni ndiyo iliyotuua, lakini nilijua nimegusa kifuniko, na nilijua angesema nini kuhusu nailoni. Kulikuwa na wachungaji wawili wa ng'ombe wamesimama hapo wakitutazama, na mmoja wao alikuwa ameniuliza kama kweli mwanamke anaweza kazi hii.

"Oili tu, Fundi."

Aliniamini. Hapo ndipo panaponiuma. Kwa kuwa aliniamini, aliweka kando mambo yote ambayo mkono wa mtu ungeweza kuharibu, akaanza kutafuta kitu kilichojiharibikia chenyewe. Koili, ile inayotoa umeme wa cheche, ikichakaa huweza kuzima injini ikipata moto na kuiwasha tena ikipoa, na dalili zetu zilifanana na hizo. Alitoa koili, akatia nyingine aliyokuja nayo. Akafuata waya mmoja mmoja pale usukani unapokunjia, ambapo huchubuka. Akafungua chujio la hewa akalikuta kavu na safi. Kazi nzuri yote ile, ya mikono isiyo na haraka, kwa sababu ya maneno yangu matatu. Nilimshikia bisibisi huku nikiliangalia sanduku pale kichakani, na bado nikafyata ulimi.

Ilipozima mara nyingine, alichomoa plagi upesi kabla injini haijapoa, akaikandamiza kwenye chuma na kuniambia nizungushe injini. Cheche ilitoka ya buluu, kali. Akalegeza skrubu ya kabureta: kavu. Ndipo alipoweka mkono kwenye kifuniko cha tangi akakizungusha. Tangi lilivuta hewa, fyuu, hata wachungaji walisikia.

Kifuniko cha tangi kina tundu la kupumulia. Petroli ikishuka, hewa inatakiwa iingie kuchukua nafasi yake, la sivyo petroli inagoma kushuka. Nailoni za watu wa boda mara nyingi huwa zimelegea, hewa inajipenyeza pembeni, ndiyo maana wanaponea. Yangu niliikunja mara mbili na kuikaza. Tukisimama, hewa iliingia kidogo kidogo na injini ikawaka. Tukienda, ikakosa petroli.

Fundi Onditi aliivuta ile nailoni kwa vidole viwili. Maandishi ya mkate wetu wa asubuhi yalikuwa bado yanasomeka. Hakuinua sauti.

"Hii ungeniambia," alisema, "tungekuwa tumefika."

Tulifika saa kumi kasoro. Kwenye krashi, ile njia nyembamba ya miti ya kubania ng'ombe wakati wa sindano, palikuwa na mama mmoja tu na mtamba wake mwekundu mwenye mimba ya kwanza. Wengine wote walikuwa wamekata tamaa wakaondoka. Alikuwa mjane, jina lake Mama Ghati, na alikuwa ametembea tangu gizani. Daktari alifungua sanduku, akatazama kipimajoto, akafunga tena. Barafu ilikuwa maji. Mama Ghati alinyoosha mkono kumwelekea mtamba, akimwomba Daktari amdunge hivyo hivyo tu, na Daktari akalazimika kumweleza kwamba dawa iliyopata joto haimkingi ng'ombe na chochote.

Dawa nyingine ilichukua wiki tatu kufika. Siku ya kumi na tisa mtamba yule alikufa kwa chambavu, ugonjwa ule ule tuliokuwa tumeubebea dawa.

Daktari alipotuletea habari, Fundi Onditi alingoja aondoke, kisha akaniambia niende nikamwambie yule mama. Nilimwuliza kuna faida gani, mtamba ameshakufa. Akanijibu kwamba hilo si juu yangu kupima.

Nilimkuta nyumbani kwake akipepeta wimbi, peke yake katika boma kubwa. Nilisimama mbele yake nikamweleza kila kitu: nailoni, swali la Fundi, uongo wangu. Nilitarajia anirushie ungo. Mikono yake ilisimama tu.

"Hiyo dawa ingefika mapema," aliuliza, "hiyo ng'ombe ingepona?"

"Ingekingwa, Mama. Karibu hakika."

"Mimi nilisema makosa ni ya mke wa kijana yangu," alisema polepole. "Yeye alipeleka hiyo ng'ombe kwa mto, pale ingine ilikufa mwaka jana. Nilimwambia ameniua na macho yake wazi. Nikamrudisha kwao. Ako na mtoto mchanga kwa mgongo, na mimi nikamfukuza."

Mama Ghati aliweka ungo chini, akajifunga leso kiunoni, akavaa kandambili zake. Hakunisamehe na hakunilaani. Aliniambia nimpishe mlangoni, akashika njia ya kwenda kwa wazazi wa yule mkwewe, saa ile ile, jua likiwa utosini. Nilimfuata kwa macho hadi alipovuka kijito, nikakaa pale kwenye boma lake nikalia kama mtoto.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Mashine ikikulemea, uliza kwanza nani aliigusa mara ya mwisho, na kama ni wewe, sema kabla hujafungua kisanduku cha spana. Watu wa Karungu huziosha pikipiki zao ziwani zikiwa zimezama nusu, kisha wanakuapia kwamba zimezimika zenyewe. Wewe tafuta maji kwenye viungo vya waya na ndani ya chujio. Anza na kinachofunguliwa kwa mkono mtupu: swichi, kifuniko, fyuzi, vichwa vya betri vilivyolegea. Tafuta cheche injini ikiwa imegoma, usingoje ipoe, maana ikishapona haitakuambia kitu. Kabureta usiifungue njiani kama huna kitambaa cheupe na mahali pasipo upepo. Na usimwambie mtu dakika kumi kama hujui. Mwambie hujui, ili abebe sanduku lake aende.

Uongo wangu ulikuwa mdogo, wa kuficha karatasi ya mkate. Uliingia katika nyumba ya watu nisiowajua ukamtoa mke wa kijana na mtoto wake mchanga. Sikuwahi kujua kama yule binti alikubali kurudi, na nimezeeka nalo swali hilo.

Mungu akubariki mikono yako, mwanangu, na akupe ujasiri wa kusema "ni mimi" wakati bado barafu haijayeyuka. Unaowatengenezea wafike waendako, na nyumba zao zisivunjike kwa sababu yako.