Mbuzi wa Mahari Waliokata Majani ya Shule

Enzi zetu majani hayakukatwa kwa kelele. Nasema hivi kwa sababu jirani yangu hapa Butembo amenunua tondeuse, mashine ya kukatia majani, na kila Jumamosi asubuhi kijana wake anavuta kamba ya mashine hiyo mara ishirini kabla haijakohoa. Ikikubali kuwaka, mtaa mzima unanuka essence, petroli tupu, mpaka chai yangu inapoteza ladha. Na ua lenyewe ni dogo, ukitandika mikeka mitatu limekwisha. Kijana akimaliza anajipiga picha na mashine yake, kisha anaingia ndani kupumzika kana kwamba amelima shamba zima. Mimi namtazama kutoka dirishani na kucheka peke yangu. Nilipokuwa na miaka kumi na moja nilikata majani ya shule nzima bila kushika chombo chochote, na kidogo tu nimkoseshe dada yangu ndoa.

Wa umri wangu wanakumbuka ile kazi ya mikono ya Ijumaa. Hakuna mtoto aliyethubutu kuja shuleni bila kupe-kupe, ule upanga mrefu wa kufyekea. Tuliinama katika mstari mmoja tukiimba, baridi ya asubuhi ikituuma masikio, umande ukilowesha sketi zetu za bluu mpaka zikagandamana na miguu. Saa nne tulikula viazi vitamu baridi tulivyofungiwa na mama zetu, na mwenye karanga siku hiyo alikuwa na marafiki wengi. Jioni tulilinganisha malengelenge ya mikono, na aliyekuwa nayo makubwa kuliko wote alitembea mbele. Nikimsimulia binti yangu habari hizi ananiuliza kama hatukuwa na kremu.

Mwaka huo dada yangu Masika, mzaliwa wa kwanza wa nyumba yetu, alikuwa amechumbiwa na kijana wa Luofu. Na kwetu, mnajua, msichana hachumbiwi kwa maneno matupu. Watu wa Luofu walifika Jumamosi moja na mbuzi kumi na wawili, wamechoka, wana vumbi, wanalia kama watoto waliochelewa kunyonya. Kila mbuzi alikuwa na mwenyewe: huyu wa shangazi, huyu wa koko, bibi yetu, na kadhalika. Aliyekuwa mkubwa kuliko wote, dume jeupe lenye ndevu ndefu, alikuwa wa mjomba, kaka wa mama, aliyekaa kule Mbau. Mjomba alikuwa mtu wa kununa. Bila yeye kupokea mbuzi wake na kusema ndiyo, hakuna harusi, na watu wa Luofu wangerudi kwao na mbuzi wao wote. Alitazamiwa kufika Jumapili ya wiki iliyofuata.

Basi kwa siku nane hao mbuzi walikuwa mikononi mwangu. Papa aliniita nyuma ya nyumba, akaniwekea mkono begani.

"Kavira, sikiya muzuri. Izi hapana mbuzi. Izi ni dada yako. Utabafunga hapa ku mikaratusi, utabaletea majani. Hapana kutembeza bo fasi yote."

Nikaitika kwamba sitawatembeza popote, na Jumatatu nikasahau.

Nilisahau kwa sababu directeur, mwalimu mkuu wa shule yetu, alitangaza kwamba Ijumaa atakuja mkaguzi kutoka Beni. Directeur alikuwa ametumwa kwetu kutoka Kasai, mtu wa tai na kalamu tatu mfukoni, na yale majani ya mbele ya biro, ofisi yake, aliyaita gazon. Aliyapenda kuliko alivyotupenda sisi. Mvua zilikuwa zimeyafikisha magotini, na darasa letu likapewa kuyamaliza yote, kila siku baada ya masomo. Nikatazama mikono yangu. Nikafikiria wale kumi na wawili waliofungwa pale kwenye mikaratusi wakisubiri niwabebee majani kichwani. Hapa majani yanatafuta meno, kule meno yanatafuta majani, na katikati ni mimi peke yangu ninayeteseka. Niliona ni upumbavu.

Nilimwendea directeur, nikampigia goti, nikamweleza. Alifikiri kidogo huku akipapasa kalamu zake.

"Mais, batakula tu majani? Hapana kugusa maua ya madame?"

"Ni majani tu, Directeur. Banachukiya maua."

Mungu anisamehe, nilisema hivyo nikimtazama machoni.

Siku nne zile nilikuwa malkia. Mbuzi walipanga mstari vizuri kuliko darasa la tano. Walinyoa chini ya mlingoti wa bendera, walinyoa kando ya mawe yaliyopakwa chokaa, walifika hata nyuma ya choo ambako kupe-kupe haikuwahi kufika tangu shule ijengwe. Wenzangu walikaa kwenye ngazi wakila karanga, na mimi nikapewa nyingi kuliko wote. Watoto wa darasa la kwanza walipewa makopo ya kuokotea mavi, wakashindana nani atajaza kwanza. Yule dume jeupe tulimwita Ndevu. Alikuwa na tabia ya kusimama akitafuna polepole na kutazama mbali, utadhani anasahihisha madaftari. Nyumbani Papa alikuwa shambani mpaka jioni, Mama yuko sokoni, na Masika alifungiwa ndani na shangazi wakimfundisha mambo ya wakubwa. Hakuna aliyeuliza mbona matumbo ya mbuzi yamekuwa kama ngoma.

Ijumaa alfajiri niliwapeleka kumalizia kipande cha mwisho. Nikawarudisha kumi na mmoja nyumbani. Ndevu aligoma. Nilipomrudia, nilimkuta amesimama chini ya tao la migomba na maua tuliyomjengea mkaguzi, amekwisha kula upande mmoja, na mnyororo mzima wa maua umemning'inia kwenye pembe. Nilipomshika tu kamba nikasikia jeep. Mkaguzi alikuwa amewahi.

Mtu mnene, mwenye furaha, alishuka. Akaona gazon imenyolewa hivi kwamba hata jicho la mkaguzi lisingepata la kulalamikia. Akaona msichana wa unifomu safi, amesimama peke yake katikati, ameshika dume jeupe lililovalishwa maua kwenye pembe. Ninyi mngefikiri nini? Kwetu mgeni mkubwa hupewa mbuzi, hilo hata mtoto analijua.

"Ah, Monsieur le Directeur," akasema, "apa munanipokea kweli kweli."

Directeur alifungua mdomo. Akanitazama, akamtazama Ndevu, akamtazama mkaguzi. Kisha akaanza kupiga makofi, na shule nzima, iliyokwisha kujipanga mbele ya madarasa, ikapiga makofi pamoja naye, na wa darasa la sita wakaanza wimbo. Mkaguzi akanyoosha mkono. Mimi nilikuwa nimelelewa vizuri, na hapo ndipo lilipo kosa langu: mkubwa akinyoosha mkono, mtoto hakatai. Nilimpa kamba kwa mikono miwili, na goti nikapiga.

Shofa, dereva wa mkaguzi, akamfunga Ndevu kwenye jeep. Nami niliposikia mlango wa biro unafungwa, nilikimbia nyumbani nikilia mpaka pumzi ikakatika mara mbili njiani.

Mama alikaa chini, hapo hapo kwenye udongo, na kitambaa chake cha kwenda sokoni kichwani. Papa hakunipiga. Alivaa koti lake la kanisani, na hilo liliniogopesha kuliko fimbo. Masika alikuwa jikoni akichambua maharagwe. Alisikia yote. Akaweka ungo chini, akatoka.

"Papa, twende."

"Muchumba haendaka ku biro ya banaume."

"Ile mbuzi ni yangu, Papa. Bakiondoka nayo ku Beni, mimi nitabakia hapa nachambua maharagi yenu mpaka nizeeke."

Mpaka siku hiyo nilidhani Masika anaolewa kwa sababu wakubwa wamesema. Nilipoona macho yake nikajua kwamba anampenda yule kijana wa Luofu, na kwamba mimi, kwa uvivu wa mikono yangu, nimempokonya. Sijawahi kujichukia vile.

Tulimkuta mkaguzi nyumbani kwa directeur, mbele ya sahani ya kuku. Ndevu alikuwa nje amefungwa kwenye jeep, anamalizia maua ya madame, mke wa directeur. Papa hakuomba mbuzi. Kumnyang'anya mgeni alichopewa ni aibu ambayo Papa asingeibeba. Aliketi, akavua kofia, akasema kwa upole sana:

"Monsieur l'inspecteur, tumekuja kushukuru. Mutoto yangu Masika njo huyu. Ile mbuzi ya mahari yake, ni ile iko ku jeep. Ni mbuzi ya mujomba. Mwenye kuipokea, njo yeye mujomba."

Mkaguzi akaacha kutafuna.

"Basi siku ya ndoa utasimama wewe," Papa akaendelea. "Bwana yake akimutesa, atakimbilia kwako ku Beni na batoto yote. Mutoto akigonjwa, batakuita wewe. Na mujomba wa kweli anafika Jumapili kutoka Mbau. Iko na hasira kidogo. Itafaa mukutane, muelezane."

Directeur aliinamia sahani yake, mabega yanatikisika. Mkaguzi alimtazama Masika, akanitazama mimi na kamasi zangu.

"Na nikiirudisha?"

"Utabakia mugeni yetu. Siku ya ndoa utakula nyama sawa batu bote."

Mkaguzi akaangua kicheko mpaka akajifuta machozi kwa leso. Alitoka nje, akafungua kamba mwenyewe, akaniita. Alinipa kwa mikono miwili, mtu mzima vile, mkubwa wa serikali, kwa mtoto wa darasa la tano. Directeur akamtolea jogoo wake badala yake, na mimi nikafyeka gazon peke yangu kwa kupe-kupe mpaka mwisho wa mwaka.

Jumapili mjomba alifika. Akamkagua Ndevu meno, akamfinya mgongo, akanusa.

"Mbona imenona hivi? Mulilisha yo nini?"

Mama akatazama mikaratusi.

"Ilipita kidogo ku masomo," Papa akasema.

Mjomba akakubali, na Masika akaenda Luofu.

Siku hizi mbuzi wa mahari wanakuja ndani ya bahasha. Ni safi, hawalii, hawanuki, wala hawahitaji mtoto wa kuwachunga. Lakini bahasha haili majani, na hakuna msichana atakayelia njiani kwa sababu amepoteza bahasha ya dada yake. Vijana wetu wana tondeuse na picha nyingi. Sisi tulikuwa na malengelenge, na tulijua kila mbuzi ni wa nani.

Masika alirudi kwangu mwaka jana. Luofu hapakaliki tena, vita vimewatoa. Alifika kwa miguu pamoja na mume wake, yule yule, wazee sasa wote wawili, nguo zao zimefungwa katika kitenge kimoja, na kamba mkononi. Mwisho wa kamba alikuwako mbuzi jike mweupe. Wengine waliokota masufuria na magodoro. Yeye aliokota huyo.

Tumemfunga mbele ya nyumba, na majani ya kwangu sasa yananyolewa kimya kimya. Binti yangu haoni raha. Anasema mbuzi anamharibia picha, wenzake wanamcheka, tumuuze tu, kwani kijana wa jirani atakuja na mashine yake wakati wowote. Juzi nilimwita nyuma ya nyumba, nikamwekea mkono begani.

"Sikiya muzuri," nikamwambia. "Ile hapana mbuzi. Ile ni mama yako mukubwa."