Kuliwasha Gari la Baba Kabla Eda Haijaisha

Tangu baba afariki, hakuna aliyeligusa gari lake. Lilikaa uani kwetu Chumbageni chini ya turubai, na mama akakaa ndani, kama eda inavyomtaka mjane: miezi minne na siku zake, haendi harusini, haendi msibani, haendi popote pasipo dharura. Eda ilipokaribia kwisha aliniita chumbani, mimi bintiye, akaniambia jambo moja tu analolitaka.

“Siku nitakayotoka, nipeleke kaburini kwake. Na unipeleke kwa gari lake. Sitaki bajaji, sitaki gari la mtu.”

Nilimwelewa. Baba amezikwa kwao Pongwe, na kwetu sisi wanawake hatufuati jeneza. Siku ile lilitolewa mlangoni, wanaume wakaondoka nalo, nasi tukabaki na vilio vyetu na masufuria ya kuazima. Mama hakuwa ameliona kaburi la mumewe. Mimi pia sikuwa nimeliona. Nikamwambia inshallah, gari litawaka.

Nilisema haraka mno. Nilipovua turubai na kuzungusha ufunguo, taa za dashibodi ziliwaka hafifu, na chini ya boneti kikasikika kitu kinagongagonga, ka-ka-ka, basi. Ndani mlikuwa bado mnanukia udi na grisi, harufu ya baba hasa. Nililia kwanza, ndipo nikashuka. Sioni haya kulisema.

Mlio ule wa ka-ka-ka ninaujua, maana nimekua nikimshikia baba tochi. Ukiusikia, umeme haufiki wa kutosha kwenye stata. Vichwa vya betri vilikuwa vimeota unga mweupe. Hewa ya chumvi ya Tanga haiachi chuma salama. Nilivimwagia maji ya moto, nikavisugua kwa msasa, na betri nikaipeleka kuchajiwa. Iliporudi, stata ilizunguka kwa nguvu zote, lakini injini haikushika.

Hapo ndipo majirani walipoanza kuja. Mtaani kwetu kila mwanamume ni fundi, mradi gari si lake. Huyu akasema koili, yule akasema pampu, mwingine akataka tulisukume hadi barabarani. Mimi nimesimama na spana mkononi, wao wananiuliza kama nyumbani hamna mwanamume. Mzee mmoja, mtani wa baba wa siku zote, akacheka akasema, “Hilo lishajifia, bibi. Lizikeni.” Neno lilipomtoka ndipo alipolisikia. Akaniomba radhi, akaondoka ameinamisha kichwa. Waliobaki niliwafukuza, na sikuwafukuza kwa adabu.

Nilipobaki peke yangu nikachomoa plagi, nikainusa. Baada ya kuzungusha stata kiasi kile, ilipaswa iwe imelowa petroli. Ilikuwa kavu kabisa. Basi ugonjwa haukuwa wa umeme tena. Mafuta hayakuwa yanafika. Yaliyokuwa tangini aliyatia baba mwenyewe, na yalikuwa yamelala mpaka yakageuka rangi na kunuka vibaya. Ilibidi niyatoe. Niliyakinga kwenye dumu polepole, nikijiona mjinga kwa kuionea uchungu petroli mbovu, lakini uchungu niliuona. Nikabadilisha filta, nikafungua kabureta, nikazibua matundu yake kwa kupuliza, nikatia mafuta mapya. Giza likanikuta nafunga skrubu ya mwisho, nikaona bora nisubiri kukuche.

Asubuhi na mapema nikaingia garini, nikasema bismillah, nikazungusha ufunguo. Injini ikakohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena, ikashika. Moshi ukajaa ua mzima. Nikaupiga usukani kwa furaha, nikacheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu msiba. Kaburini tutakwenda. Nilimwona mama kabisa ameketi kando yangu, njia nzima hadi Pongwe.

Dirisha la chumba chake likafunguka.

“Mwambie babako asiondoke,” akasema, kwa sauti yake ile ya kila siku, ya haraka haraka. “Chai i tayari.”

Injini ilikuwa ikinguruma baina yetu, mimi ninamtazama, yeye ananitazama, na nikaona usoni mwake anavyokumbuka. Mkono ukashika pazia. Miezi yote ile alikuwa amejikaza, kila aliyekuja kumpa pole alimsifu kwa subira yake, na sasa mimi, kwa mikono yangu, nimemfanya afiwe upya.

Nikalizima gari upesi. Ua ukawa kimya, na kimya kile kilikuwa kibaya zaidi.

“Mama, nisamehe,” nikasema.

“Liwashe tena, mwanangu,” akasema, machozi yanamtiririka na wala hayafuti. “Liwashe. Niache nimsikie kidogo.”