Mmea wa Kuficha Choo

Harufu tamu ya maua meupe huwafurahisha wengine. Mimi hunipandisha hasira, kwa sababu hunirudisha Kawangware, nyuma ya ploti ya Mama Njeri, mahali ambapo mama yangu alikuwa na kishamba. Mama Njeri, mwenye ploti, alimruhusu alime pale kwa sharti moja tu: mahali pasikae bure. Sisi tulikuwa wapangaji, watu wa upande wa ziwa, na mboga za kishamba kile, managu na kunde, ndizo zilizotulisha siku ambazo mama hakupata nguo za kufua.

Kisha Mama Njeri akapanda mmea wa kutambaa ufiche choo. Ukakificha, halafu ukakataa kuishia hapo. Ulipanda mabati, ukarukia mpera, ukaufunika wote hadi tawi moja likavunjika kwa uzito. Mapera yakakoma, na ndege waliozoea kuyadonoa wakaenda zao. Mama alipolalamika, Mama Njeri alicheka tu.

"Mama Akinyi, hiyo maua inapendezesha ploti. Si ukate tu kidogo?"

Mama akakata. Akatukabidhi marundo, mimi na kaka yangu Ochieng, tuyapeleke jalalani. Laiti tungetii. Mmea ule huota vinundu kwenye mashina, vidogo kama viazi vya mwisho wa gunia, na sisi tukaona tumepata risasi. Likizo nzima tulijificha kati ya mistari ya kunde tukirushiana, na shabaha zetu zote mbili zilikuwa mbovu. Mvua iliponyesha, kila risasi ikaota. Mama aling'oa miche Jumamosi, na Jumamosi iliyofuata akaikuta imerudi, maana kinundu kimoja kikibaki udongoni kinaanza upya. Kunde zikanyongwa, managu yakakosa jua. Hatimaye Mama Njeri akaja, akakitazama kile kichaka, akasema bila ubaya wowote, "Naona siku hizi haulimi. Wacha nijenge." Vyumba vinne vya mabati vikasimama pale, nasi tukawa watu wa kununua mboga, siku ambazo kulikuwa na cha kununulia.

Leo naishi mtaa wa Ayany pamoja na mama. Ukishuka mtoni utaona mmea huo umemeza kingo zote mbili, miti imeinama chini yake, na bado watu wanaukata na kuutupa majini ukaote mbele. Wiki jana jirani yangu alinionyesha mche wake kwenye mkebe, kwa majivuno. Nilimweleza madhara yake yote hadi koo likakauka.

"Akinyi, wacha zako. Ni maua tu."

Mama, aliyekuwa mlangoni, akasonya. "Yule mwanamke alinimaliza na maua yake," akasema, kama anavyosema kila akiuona. Nami, mtu mzima mwenye watoto wawili, bado sijamwambia kuhusu zile risasi. Mama Njeri alipanda mche mmoja tu, karibu na choo. Kwenye kunde tuliupanda sisi.