Vipandio vya Kisima cha Vitus

Watu wengi wa Mazwi wakikwambia wana kisima, wana shimo. Linajaa Aprili, mwezi ambao kila mtu ana maji, na ikifika Oktoba limebaki na vyura. Kisima cha Vitus hakijawahi kukauka, na Vitus mwenyewe hajawahi kuchoka kulisema hilo. Alikichimba kwa mikono yake miaka ishirini na minne iliyopita, mita kumi na moja ndani ya udongo mwekundu, kabla nyumba haijapata hata bati. Ni fundi seremala, lakini ukimuuliza kazi aliyoifanya vizuri maishani hatakutajia kabati wala kitanda.

Kisima cha nyumbani hakichimbwi kikaachwa. Kila mwaka, maji yanapopungua kabla ya mvua, lazima mtu ashuke azoe tope, atoe vikombe na kandambili zilizoangukia humo, akwangue ukoga ukutani. Kwa Vitus, aliyeshuka ni Vitus. Mkewe, Coleta, alishika kamba. Mume aliifunga kiunoni, akaizungusha mara mbili kwenye gogo la mkaratusi lililochimbiwa pembeni, ncha akamwachia mke. Kisha alishuka kwa miguu yake mwenyewe, akikanyaga vipandio, yaani vishimo alivyovichonga ukutani kushoto na kulia. Miaka yote hiyo Coleta hakujua chini kuna nini. Alichokijua ni kamba.

Mwaka jana, Vitus alipokuwa akipanda, kamba ilisimama katikati. Haipandi, haishuki. Coleta aliita, hakujibiwa. Akasali Salamu Maria kumi, akaita tena, kimya. Mumewe alipotokeza, uso umempauka, alisema alikuwa anakagua ufa. Coleta hakuamini hata kidogo. Ameishi na Vitus miaka thelathini, na hajawahi kumwona akikagua kitu bila kukitolea hotuba.

Mafundi wa kusafisha visima wapo mjini, ila Vitus hataki kuwasikia. Kwake, mgeni akiingia kisimani na viatu, au na kinyongo moyoni, maji yanahama. Mwanamke ndiyo kabisa, asisogee. Oktoba hii ndoo zilianza kutoka na tope, naye akatangaza kwamba Jumamosi anashuka. Goti lake la kulia halikunjiki tena. Kanisani wenzake wakipiga magoti yeye husimama, na ukimuuliza anasema ni heshima kwa Mungu.

"Baba Edwin, mwaka huu tutafute mtu," Coleta alimwomba.

"Mtu yupo. Ni mimi."

Coleta aliogopa. Aliogopa kuwa mjane kwa sababu ya ndoo chache za tope, na aliogopa zaidi kwamba mikono itakayokuwa imeshika kamba siku hiyo ni yake.

Jumatano Vitus akapata safari ya Mtowisa, kuwapa pole wakwe wa mwanawe Edwin waliofiwa, alale huko, arudi kesho yake. Gari halijamaliza kuteremka bondeni, Coleta alikuwa ameshagonga kwa jirani zake, Dominika na mumewe Basil, fundi wa baiskeli.

"Wewe ndiye ushuke?" Basil alishtuka. "Mama Edwin, maji yatahama!"

"Yakihama utayafuata na baiskeli. Njoo ushike kamba."

Dominika alicheka mpaka akakaa chini, kisha akawa wa kwanza kuishika.

Waliteremsha kwanza mshumaa ndani ya kopo. Uliwaka mpaka chini, wakajua hewa ipo. Coleta akavaa suruali kuukuu ya mumewe, akavua kandambili, akaingia.

Vipandio vya juu alivikumbuka, vimeachana sana: Vitus alipovichonga alikuwa kijana wa miguu mirefu. Alinyoosha mguu kukitafuta kinachofuata, akakikuta karibu kuliko alivyotarajia. Cha pili pia. Macho yalipozoea giza akaona kwamba kati ya vile vya zamani, vilivyolainika kwa miaka, vilichongwa vingine. Na kati ya hivyo vingine, vipya kabisa, alama za patasi bado zinaonekana kwenye udongo. Kumbe zile kelele za kugonga alizokuwa akizisikia kila mwaka, ambazo Vitus alidai ni za kung'oa mawe, zilikuwa hizi. Kadiri miguu yake ilivyozidi kukataa, ndivyo alivyozisogeza hatua karibu, peke yake, bila kumwambia mtu.

Katikati ya kisima alikuta ukuta umechimbwa kwa ndani, upana wa makalio ya mtu mmoja. Coleta akakaa. Hapa ndipo kamba iliposimama mwaka jana. Alimhurumia mumewe, akamkasirikia, vyote kwa pamoja.

"Mama Edwin! Uko salama?" Basil aliita kutoka juu.

Alikaa mpaka pumzi ikarudi, ndipo akajibu, akaendelea kushuka.

Walitoa ndoo thelathini na mbili za tope. Mwishoni maji yalimzunguka miguuni, baridi na safi, yakitoka palepale yalipokuwa yakitoka siku zote. Kupanda hakukumpa taabu. Vile vipandio vipya vilimtosha kana kwamba vilichongwa kwa kipimo chake.

Vitus alirudi Alhamisi mchana, akakuta lundo la tope kando ya bustani ya mboga. Hakusalimia. Alivuta ndoo moja, akachota kwa kiganja, akaonja.

"Nani kaingia?"

"Mimi."

"Na viatu?"

"Peku. Basil na Dominika walishika kamba."

Vitus akaiweka ndoo chini. "Umeona nini huko?"

Coleta alikuwa na maneno ya kumwambia, mengine ya mwaka mzima. "Nimeona tope, Baba Edwin," akasema. "Sasa hakuna."

Vitus aligeuka, akaitazama kamba iliyoanikwa ukutani. Alipozungumza tena alikuwa mkali, lakini hakuwa anamtazama.

"Ulijifungaje?"

Coleta akaichukua, akamwonyesha.

"Hilo ni fundo la kufungia mbuzi! Ungeteleza ungetoka mzima?" Akamnyang'anya kamba, akamzungushia kiunoni palepale uani. "Unapitisha hapa kwanza. Halafu chini. Halafu unavuta. Mwakani ujifunge hivi. Kamba nitaishika mimi. Haya, jaribu."

Coleta akajaribu, akakosea. Akajaribu tena, akakosea tena, safari hii kwa makusudi, na Vitus akaanza kumfundisha upya tangu mwanzo.